Chuo Kikuu cha Harvard na siri ya mali isiyoliwa

MIONGONI mwa majina ya vyuo yanayotajwa majumbani mwetu, pale mzazi anapomtakia mwanawe makubwa katika elimu, jina la Harvard halikosi. Hata asiyejua chuo hicho kiko wapi anajua kuwa ni chuo kikubwa. Lakini wengi wetu tunaolijua jina hatujapata kujiuliza ni kitu gani kilicholibeba kwa karne karibu nne bila kulidondosha. Makala haya yanakusudia kukieleza chuo hicho kwa muhtasari: asili yake, uendeshaji wake, sifa zake na aibu zake. Na katika kufanya hivyo, ndugu msomaji, utaona kwamba nguzo iliyokisimamisha si ngeni kwetu hata kidogo. Sisi tunaiita wakfu.

Asili ya chuo

Harvard kipo katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani, ng'ambo ya mto Charles ukitokea jiji la Boston. Kiliasisiwa tarehe 28 Oktoba 1636, pale baraza la kutunga sheria la koloni la Massachusetts lilipoidhinisha pauni 400 kwa ajili ya kuanzisha chuo. Hiyo ni miaka 140 kabla ya Marekani yenyewe kujitangazia uhuru mwaka 1776. Ndicho chuo kikongwe kuliko vyote vya elimu ya juu nchini humo.

Waanzilishi wake walikuwa Waingereza Wakristo wa madhehebu ya Puritan waliovuka bahari kutafuta pa kuabudu kwa namna waliyoiamini. Walipokwisha kujenga nyumba zao, nyumba zao za ibada na serikali yao, hofu iliyowashika ilikuwa moja: wanazuoni waliokuja nao wakishakufa, nani atakayewaongoza watoto wao? Wasingependa kuongozwa na watu wasiosoma. Kwa hiyo chuo hiki, ambacho leo kinasifika kwa sheria, tiba na biashara, kilizaliwa kutokana na hofu ya wazazi juu ya dini ya watoto wao.

Sasa jina lake limetoka wapi? Mwaka 1637 alifika huko mchungaji kijana aitwaye John Harvard, aliyesoma katika Chuo cha Emmanuel, Cambridge ya Uingereza. Hakumaliza hata miaka miwili. Mwezi Septemba 1638 alifariki kwa kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 30, bila ya kuacha mtoto. Akiwa kitandani aliusia kwa mdomo kwamba nusu ya mali yake, ambayo ilikisiwa kuwa pauni 780, pamoja na vitabu vyake vyote vipatavyo 400, vipewe chuo kile kichanga. Mwaka 1639 baraza likaamua chuo kiitwe kwa jina lake.

Leo hii mbele ya moja ya majengo ya chuo ipo sanamu yake, iliyochongwa na Daniel Chester French mwaka 1884. Wanafunzi huiita sanamu ya uongo mara tatu. Kwanza, haifanani naye, kwa kuwa hakuna picha yake iliyobaki na mchongaji alimtumia kijana mwingine kama kielelezo. Pili, imeandikwa kuwa yeye ndiye mwasisi, na hali chuo kilikuwapo kabla yake. Tatu, imeandikwa mwaka 1638, na hali mwaka wa kuasisiwa ni 1636. Pamoja na uongo huo wote, ukweli mmoja umesalia: mtu asiye na mtoto ameitwa kwa jina lake na vizazi kumi na zaidi, kwa sababu alitoa nusu ya alichokuwa nacho kwa ajili ya elimu.

Asili ibaki, zao litumike

Wanafunzi wa kwanza kuhitimu walikuwa 9 tu, mwaka 1642. Chuo kilikuwa maskini, na mara kwa mara kilitegemea michango ya mahindi na ngano kutoka kwa wakulima. Lakini tangu mapema lilifanyika jambo la busara. Mwaka 1640 baraza lilikipa chuo mapato ya kivuko kilichovusha watu baina ya Boston na Charlestown. Yaani badala ya kukipa chuo fedha za kutumia na kwisha, lilikipa chanzo kinachozaa kila siku. Hata daraja lilipofunguliwa mwaka 1786 na kivuko kikakosa kazi, kampuni ya daraja ilitakiwa kukilipa chuo pauni 200 kila mwaka kama fidia. Mfano wake ni kama mtu aliyekupa mnazi badala ya dafu.

Hapa ndipo msomaji wetu atakapokumbuka kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (Radhi za Allah ziwe juu yake) na shamba lake la Khaybar. Alipomwendea Mtume (Rehema na amani zimshukie) kutaka shauri, alielekezwa aizuie asili ya mali na atoe sadaka mazao yake. Shamba lile likawa haliuzwi, halitolewi zawadi wala halirithiwi. Juu ya msingi huo zilisimama skuli, hospitali, visima na misikiti ya ulimwengu wa Kiislamu kwa karne nyingi.

Na si sisi tu tunaoona mfanano huo. Marehemu Profesa George Makdisi, aliyepata kufundisha Kiarabu na elimu za Kiislamu hapo hapo Harvard kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitoa mwaka 1981 kitabu kuhusu kuibuka kwa vyuo. Humo alionyesha jinsi vyuo vya kale vya Uingereza, ambavyo ndivyo Harvard ilivyoviiga, vilivyofanana na madrasa zetu: mali iliyofungwa kwa ajili ya elimu, wasimamizi walioteuliwa, na wanafunzi wanaolishwa na kulazwa kwa mapato ya mali hiyo. Wanahistoria hawajaafikiana kama Wazungu walichukua kwetu au walifika wenyewe kwa njia yao. Ama kwamba mambo hayo mawili yanafanana, hilo halina mabishano makubwa.

Wasimamizi na hesabu zao

Mali peke yake haitoshi. Wangapi wameacha majumba na mashamba, na baada ya miaka 30 hakuna hata tofali lililobaki? Harvard kilipata hati yake ya kisheria mwaka 1650, ambayo ilikabidhi mali na uendeshaji kwa baraza dogo la watu 7: mkuu wa chuo, mtunza hazina na wajumbe watano. Mjumbe akifa au akiondoka, waliobaki huchagua mwingine. Baraza hilo lipo hadi leo, na mwaka 2010 iliamuliwa wajumbe wake waongezwe hadi 13. Juu yake lipo baraza la pili la waangalizi, ambalo zamani lilijaa maofisa wa serikali na wachungaji. Mwaka 1865 sheria ilibadilishwa na waangalizi wakawa wanachaguliwa na wahitimu. Hapo ndipo mkono wa serikali ulipotoka katika uendeshaji na chuo kikawa cha binafsi kwa maana kamili.

Katika lugha ya fiqhi tungesema kuwa kuna nadhiri wa wakfu, na juu ya nadhiri kuna anayemhesabu. Hakuna mtu mmoja mwenye ufunguo wa hazina.

Matokeo yake ni haya. Hadi kufikia Juni 2025 mali ya wakfu ya Harvard ilikuwa na thamani ya dola za Marekani bilioni 56.9. Hiyo si kapu moja, bali ni mifuko zaidi ya 14,000, na sehemu kubwa ya mifuko hiyo ina sharti la mtoaji: huyu ametoa kwa ajili ya wanafunzi maskini, yule kwa ajili ya mwalimu wa nyota, mwingine kwa ajili ya vitabu. Kila mwaka chuo huchukua takriban sehemu 5 katika 100 na kuacha asili iendelee kukua. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024 kiasi hicho kilikuwa dola bilioni 2.4, zaidi ya theluthi moja ya mapato yote ya chuo.

Yafaa kusema pia kwamba njia zote za uwekezaji wao hazilingani na sheria yetu, na wala mali hiyo haina kinga dhidi ya misukosuko. Katika mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 na 2009 ilishuka kutoka karibu dola bilioni 37 hadi bilioni 26, na chuo kikalazimika kupunguza wafanyakazi. Lakini asili haikuliwa, na baada ya miaka ikarejea na kupita pale ilipokuwa.

Kwa mzazi, faida ya mpango huu huonekana katika ada. Gharama ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza, pamoja na chakula na malazi, inapita dola 80,000 kwa mwaka. Hata hivyo mwezi Machi 2025 chuo kilitangaza kuwa mwanafunzi ambaye pato la familia yake halizidi dola 100,000 kwa mwaka atasoma bila ya kulipa chochote, na ambaye pato la familia yake halizidi dola 200,000 hatalipa ada ya masomo. Aidha, maombi ya mwanafunzi, hata akitoka nchi za nje, hupokewa bila ya kutazamwa uwezo wa wazazi wake. Kizingiti ni ushindani: kwa wanafunzi walioanza mwaka 2024 waliomba zaidi ya 54,000 na wakakubaliwa wasiofika 2,000.

Ipo pia habari ya vitabu. Usiku mmoja wa mwezi Januari 1764 jengo la maktaba liliteketea kwa moto, na vitabu vya John Harvard vikaungua vyote ila kimoja, ambacho kilikuwa kimeazimwa. Watu wakatoa tena. Mwaka 1912 kijana mhitimu wa chuo hicho, Harry Elkins Widener, alizama na meli ya Titanic. Mama yake akajenga kwa jina la mwanawe maktaba kubwa iliyofunguliwa mwaka 1915, nayo ndiyo moyo wa chuo hadi leo. Wakfu mmoja humwamsha mtoaji mwingine.

Aibu zisizofichika

Lakini haitakuwa uadilifu kuusifu mti na kunyamazia kilichofukiwa mizizini. Ripoti iliyotolewa na chuo chenyewe Aprili 2022 ilibainisha kwamba viongozi, walimu na watumishi wake waliwamiliki watumwa zaidi ya 70 kabla ya utumwa kukomeshwa Massachusetts mwaka 1783, na kwamba watoaji wake wengi wakubwa walitajirika kwa jasho la watumwa. Kiti cha kwanza cha uprofesa wa sheria kilianzishwa mwaka 1815 kwa mali ya Isaac Royall, ambaye ukoo wake ulimiliki shamba la miwa na watumwa katika kisiwa cha Antigua. Kwa miaka mingi nembo ya ukoo huo ilikuwa ndiyo nembo ya kitivo cha sheria, mpaka ilipoondolewa mwaka 2016 baada ya wanafunzi kupaza sauti. Chuo kimetenga dola milioni 100 kwa ajili ya kushughulikia urithi huo mchungu.

Wanazuoni wetu wameweka sharti kwamba mwenye kuweka wakfu awe anaimiliki mali kwa haki. Sharti hilo halikuwekwa bure. Mali iliyotokana na dhulma huweza kujenga ukumbi mzuri, lakini siku moja aliyedhulumiwa au mjukuu wake atasimama mlangoni na kuuliza.

Aidha, hati ya mwaka 1650 ilitaja elimu kwa vijana wa Kiingereza na vijana wenyeji wa nchi ile. Wenyeji waliopata kuhitimu katika karne hiyo ni wa kuhesabu. Anayejulikana zaidi ni Caleb Cheeshahteaumuck, aliyehitimu mwaka 1665. Mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada ya kwanza, Richard Greener, alipatikana mwaka 1870, miaka 234 baada ya chuo kuasisiwa. Msomi mashuhuri W. E. B. Du Bois akawa mweusi wa kwanza kupata udaktari hapo mwaka 1895. Wanawake walianza kufundishwa pembeni mwaka 1879 katika taasisi iliyokuja kuitwa Radcliffe, na muungano kamili haukufikiwa mpaka mwaka 1999. Katika miaka ya 1920 mkuu wa chuo wa wakati huo, Abbott Lawrence Lowell, alitaka idadi ya Wayahudi iwekewe kikomo. Chuo ambacho neno lake la nembo ni Ukweli kimechukua muda mrefu kuukubali ukweli wake chenyewe.

Bei ya kujitegemea

Miaka ya karibuni imekipa mtihani mwingine. Kufuatia vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023, chuo kilijikuta katikati ya wanafunzi wanaoandamana, wafadhili matajiri wanaotishia kuondoa fedha zao, na wanasiasa. Mkuu wake, Claudine Gay, mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo, alihojiwa bungeni, kisha akakabiliwa na tuhuma juu ya maandishi yake ya kitaaluma, na akajiuzulu tarehe 2 Januari 2024 baada ya miezi sita tu.

Aprili 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilikitaka chuo kibadilishe taratibu zake za kuajiri walimu, kudahili wanafunzi na kusimamia baadhi ya vitivo. Chuo kilikataa. Siku hiyo hiyo serikali ikatangaza kuzuia fedha za utafiti zipatazo dola bilioni 2.2, na mwezi Mei ikajaribu kukiondolea haki ya kudahili wanafunzi wa nje, ambao ni zaidi ya robo ya wanafunzi wake. Chuo kilikwenda mahakamani. Jaribio la Mei lilisimamishwa haraka, na tarehe 3 Septemba 2025 mahakama ya ngazi ya kwanza ikahukumu kwamba kuzuia fedha kulikuwa kinyume cha sheria. Mwezi Julai mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kupandisha kodi ya mapato ya wakfu wa vyuo tajiri hadi kufikia asilimia 8.

Tuzingatie. Chuo kisicho na akiba yake kisingeweza kusema hapana hata kwa wiki moja. Na hata hiki chenye mabilioni kiliyumba, kwa sababu sehemu ya utafiti wake ilikuwa imezoea kula katika mkono wa serikali. Historia yetu ina mfano wa namna hii. Al-Azhar, iliyoasisiwa Cairo katika karne ya 10, iliishi kwa wakfu kwa mamia ya miaka. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtawala wa Misri, Muhammad Ali Pasha, alizitia mkononi ardhi za wakfu, na mwaka 1961 sheria ikaiweka Al-Azhar chini ya dola. Elimu haikukoma, lakini tangu hapo mwanachuoni amekuwa akilipwa na yule ambaye huenda siku moja akalazimika kumwambia kuwa amekosea.

Waislamu na watu wa kwetu

Harvard si ngeni kwa watu wa upande wetu. Profesa Ali Asani, mzaliwa wa Nairobi, alifika hapo kama mwanafunzi miaka ya 1970 na akaja kuwa mwalimu mkubwa wa elimu za Kiislamu. Marehemu Profesa Calestous Juma, mzaliwa wa Busia nchini Kenya, alifundisha huko masuala ya sayansi na maendeleo hadi alipofariki Desemba 2017. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya aliyesoma uchumi hapo, alihitimu sheria mwaka 1991. Waislamu wametoa pia mali: mpango wa Aga Khan wa usanifu majengo wa Kiislamu ulianza mwaka 1979 kwa ushirikiano na taasisi jirani ya MIT, na mwaka 2005 Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia alitoa dola milioni 20 kwa ajili ya masomo ya Kiislamu.

Hata hivyo mzazi asidhani kuwa jina kubwa ni ngao. Aprili 2025 chuo kilichapisha ripoti mbili, moja juu ya chuki dhidi ya Wayahudi na nyingine juu ya ubaguzi dhidi ya Waislamu, Waarabu na Wapalestina. Katika hiyo ya pili wanafunzi wengi Waislamu walieleza kuwa wameishi kwa hofu na kunyamazishwa. Anayempeleka mwanawe mbali amwandae kwa elimu, na pia kwa kujijua yeye ni nani.

Mazingatio kwa familia zetu

Tunalo la kujifunza. Pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja na Pemba, ina nyumba na mashamba ya wakfu yaliyoachwa na wazee wetu, na zipo kamisheni za kisheria za kuyasimamia. Tunavyo pia vyuo vikuu: cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, tangu 1988, cha Zanzibar, Tunguu, tangu 1998, na cha Waislamu Morogoro kilichofunguliwa mwaka 2005. Swali ni je, vyuo hivi vitaishi kwa ada za wanafunzi na ufadhili wa mbali hadi lini? Na ile nyumba ya babu iliyoandikwa wakfu wa madrasa, kodi yake inakwenda wapi, na nani anayeulizwa?

Tumezoea kuchangia. Likitangazwa bati la madrasa, sisi wa kwanza. Lakini bati huchakaa, na mwaka ujao tunachangishwa tena. Familia ambayo ingeungana kununua chumba kimoja cha duka, ikakiandika wakfu mbele ya sheria, ikataja kwa maandishi zao lake liende wapi, ikaweka wasimamizi watatu badala ya mmoja na kutaka hesabu kila mwaka, ingekuwa imefanya kile kilichofanywa na watu wa Massachusetts kwa kivuko chao.

Wala tusisubiri kutajirika. John Harvard hakuwa mfalme. Alikuwa kijana mgonjwa, ugenini, mwenye vitabu 400. Wewe nawe unacho kitu, na mirathi yako itagawanywa upende usipende. Sheria imekuachia hadi theluthi moja uiusie unakotaka. Kabla hujaifikiria shahada ya mwanao, fikiria theluthi hiyo itamsomesha mtoto wa nani.

Wabillahi tawfiiq.